Maswali ya wasomaji: Mtoto atalala wapi tukiwa safarini?

Mwezi huu tumepokea barua nyingi kutoka kwa wazazi wanaojiandaa kusafiri nje ya nchi na watoto ambao hawajatimiza mwaka. Pasipoti ipo, tiketi ipo, chanjo zimekamilika, ila usiku wa kwanza ugenini ndio unaowasumbua. Tumechagua barua nane. Kanuni yenyewe haibadiliki mtu akivuka mpaka: mtoto alale chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, peke yake kwenye kitanda chake, bila mto, blanketi wala mdoli, na kitanda hicho kiwe chumba kimoja na wazazi kwa miezi 6 ya kwanza angalau. Kinachobadilika ni vifaa, na huko ndiko makosa mengi hutokea.

Tunakwenda majuma mawili na mtoto wetu wa miezi 5. Hoteli imetujibu kwamba kitanda cha mtoto kipo, "mkifika mtapewa". Je, jibu hilo linatosha? Tukikipata tukikague vipi? — Mama wa kifungua mimba

Halitoshi, dada. Neno "kipo" laweza kumaanisha kitanda cha mbao cha miaka mingi, kitanda cha kukunja chenye wavu, au kitanda cha mtu mzima kilichozungushiwa mito. Waandikieni tena mkiomba mambo matatu: ni cha aina gani, godoro lake lina ukubwa gani, na picha ya kitanda kikiwa kimetandikwa. Ombeni pia wakiandike kwenye nafasi yenu, kwa sababu vitanda hivi huwa vichache na anayefika mapema ndiye anayepewa.

Mkifika, kikagueni kabla hamjafungua mabegi, wakati mapokezi bado wanaweza kuwabadilishia.

Kikiwa cha mbao, anzeni na fito za pembeni. Viwango vya Ulaya vinataka nafasi kati ya ufito na ufito iwe kati ya sentimita 4.5 na 6.5, vya Marekani havitaki izidi sentimita 6 hivi. Kama hamna rula, chukueni kopo la kawaida la soda. Likipita katikati ya fito, kiwiliwili cha mtoto nacho kitapita, kichwa kibaki ndani, na hapo ndipo shingo inaponing'inia. Tikiseni kila ufito kwa mkono, kisha tazameni kama upande mmoja wa kitanda unateremka. Vitanda vya upande wa kuteremka vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011, kwa sababu vishikizo vyake huchoka, upande unaachana na godoro, na mtoto anateleza kwenye mwanya huo. Ugenini bado mnaweza kukutana navyo. Mwisho, sukumeni godoro lote upande mmoja. Upande wa pili vidole viwili visipate nafasi ya kuingia.

Kitanda cha kukunja kina mtego wake, nao uko kwenye namna ya kukifungua. Watu wengi hukandamiza sakafu kwanza, halafu kingo za juu zinagoma kujifunga, au zinajifunga nusu. Utaratibu ni huu: kiacheni kitako kikiwa kimeinuka katikati kama mlima, vuteni juu kingo zote 4 moja baada ya nyingine hadi kila moja ilie "ka!", ndipo mkandamize kitovu cha sakafu chini hadi kiwe bapa. Kisha wekeni kiganja katikati ya kila ukingo na mkandamize kwa uzito wenu. Ukingo uliofungwa sawasawa haubonyei hata kidogo. Ukibonyea na kuwa kama herufi V, kitanda hicho kirudisheni, kwa maana mtoto akikiegemea ukingo utamkunjikia shingoni.

Wavu usiwe na tundu lililochanika. Matundu yake ya kawaida yawe madogo kuliko milimita 6, kifungo cha shati kisiweze kunasa.

Sasa godoro. Godoro la kitanda cha kukunja ni jembamba, sentimita 2 au 3 tu, na ukiligusa unaona kama ubao. Hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Wahudumu wa hoteli, kwa nia njema kabisa, hulionea huruma: wanatandika duveti lililokunjwa chini ya shuka, au wanaongeza godoro jingine. Kingo za kitanda hiki ni za kitambaa, zinasukumika. Mtoto akijiviringisha hadi pembeni, kitambaa kinatoka nje, mwanya unafunguka kati ya godoro la nyongeza na ukuta, na uso wake unaingia humo. Toeni kila kilichoongezwa. Kibaki kitu kimoja, shuka lenye mpira lililokaza juu ya godoro lililokuja na kitanda.

Kiwekeni mahali ambapo mnaweza kunyoosha mkono kutoka kitandani mkamgusa mtoto. Kisiwe chini ya dirisha, wala karibu na hita, wala mahali ambapo upepo wa kiyoyozi unampiga moja kwa moja. Kamba za pazia zifungeni juu kabisa. Nyaya za taa, chaja na kamera ya kumwangalia mtoto zikae mita moja mbali naye.

Safari yetu ni ya saa 11 angani na binti yetu ana miezi 4. Nimesikia kuna vitanda vya watoto ndani ya ndege. Vinapatikanaje, na tukivikosa tufanyeje? Nitakuwa na mke wangu. — Baba anayesafiri

Kaka, vipo. Ni susu dogo linalopachikwa kwenye ukuta ulio mbele ya safu fulani za viti, na kwa hiyo ndege nzima huwa nayo machache. Liombeni siku ileile mnapokata tiketi, kisha mthibitishe siku chache kabla ya kuondoka. Ulizeni mashirika yanaruhusu kilo ngapi na urefu gani. Mengi yana kikomo kati ya kilo 10 na 14, lakini mtoto mrefu anaweza kuzuiwa na urefu kabla ya uzito, na mtoto anayeanza kukaa mwenyewe hafai tena kuwekwa humo.

Susu halitumiki ndege inapopaa wala inapotua. Taa ya mkanda ikiwaka kwa sababu ya mtikisiko wa hewa, mtoto anatolewa hata kama ndiyo kwanza amesinzia, maana susu linaweza kubaki mahali pake na mtoto akarushwa kutoka ndani yake. Mlazeni chali, fungeni mkanda au kifuniko cha susu kama wahudumu watakavyowaonyesha, na msiweke ule mto mdogo wa ndege. Jambo la kuangalia zaidi: msitandaze blanketi juu ya susu ili kuzuia mwanga. Hewa aliyokwisha kuitoa inabaki humo pamoja na joto, na mnakuwa hamuoni uso wake.

Njia iliyo salama kuliko zote ni mtoto kuwa na kiti chake alicholipiwa, amefungwa ndani ya kiti cha gari kilichoidhinishwa kutumika ndegeni. Viti vya Marekani huwa na maandishi mekundu yanayosema kwamba vimethibitishwa kwa magari na kwa ndege. Vingi vya Ulaya vina alama ya TÜV yenye maneno "For Use in Aircraft". Kipimeni upana: kisichozidi sentimita 40 hivi huingia kwenye viti vingi vya daraja la kawaida. Ni gharama, tunajua. Lakini mtikisiko mkali ukija, mikono ya mzazi haina nguvu ya kumshikilia mtoto, hata mzazi awe na nguvu kiasi gani.

Mkikosa vyote viwili, mtoto atakuwa mapajani, na hatari kubwa hapo ni usingizi wenu. Mtu mzima akisinzia, mikono inalegea, mtoto anateleza hadi kati ya mwili na kishikio cha kiti, uso ukiwa umebanwa kwenye nguo. Nanyi mko wawili, kwa hiyo gawaneni zamu. Mmoja alale saa 2 au 3, mwingine awe macho kabisa na mtoto, kisha mbadilishane. Andikeni zamu hizo kabla ya kupanda. Katikati ya usiku kila mmoja atasema "sijachoka", na dakika kumi baadaye wote wawili mtakuwa mmesinzia.

Mbeleko inafaa kwa kutembea naye kwenye ujia wa ndege. Ikaze mwili kwa mwili, uso uonekane muda wote, kichwa kiwe karibu kiasi cha kukibusu, na kati ya kidevu na kifua vidole viwili viweze kupita. Ndege inapopaa na kutua, fuateni agizo la wahudumu. Sheria za anga za Marekani, kwa mfano, haziruhusu mtoto kuwa ndani ya mbeleko wakati huo. Wala aliyemvaa mtoto asilale.

Hewa ya ndani ya ndege hupunguzwa mgandamizo hadi kufanana na ile ya mlima wa mita 2,400 hivi. Mtoto mzima wa afya huihimili. Aliyezaliwa njiti, au aliyewahi kuwa na shida ya mapafu au ya moyo, amwone daktari kabla hamjakata tiketi.

Kutoka uwanja wa ndege hadi tutakakofikia ni mwendo wa saa 4 kwa gari. Mtoto akilala kwenye kiti cha gari, mama mkwe anasema tumwingize ndani na kiti chake tusimwamshe. Ana majuma 7. — Mkwe mtiifu

Mheshimu mama mkwe, lakini mtoe mtoto kwenye kiti.

Kichwa cha mtoto wa majuma 7 ni kizito kulingana na mwili wake, shingo bado laini, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Akikaa kwa kuinama, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inajikunja kama mpira wa kumwagilia bustani uliopindwa. Halii wala hakoromi. Anapungukiwa hewa kimya kimya. Ndani ya gari kiti kimefungwa kwenye pembe iliyopimwa na kiwanda. Ukikiweka sakafuni pembe inabadilika, na ukikiweka kitandani au kwenye kochi kinaweza kupinduka na kumlaza kifudifudi akiwa amefungwa mikanda. Kosa jingine ni kufungua mikanda nusu ili "apumue". Mtoto anateleza chini, mkanda unabaki shingoni.

Njiani, simameni angalau kila baada ya saa 2, mumtoe, mumlaze bapa, ale, abadilishwe nepi. Kwa umri wake ni vyema vituo viwe vingi zaidi, na mtu mzima mmoja akae naye nyuma amtazame. Mwendo wa saa 4 uhesabuni kuwa wa saa 6.

Mkitua penye baridi, mvueni koti zito kabla ya kumfunga. Jaribuni hili nyumbani: mfungeni mikanda akiwa na koti, mtoeni bila kulegeza chochote, mvueni koti, mmrudishe. Mtaona nafasi inayobaki kati ya mkanda na kifua. Gari likigongwa, koti linabonyea na nafasi hiyo hujitokeza papo hapo. Mfungeni na nguo nyepesi, mkanda ukaze hadi msiweze kuufinya ukafanya mkunjo begani, kisha mmfunike blanketi juu ya mikanda, na mlitoe gari likishapata joto.

Wenyeji wetu wamesema hatuna haja ya kubeba kitanda, wanacho kiti cha kubembeza ambacho watoto wao wote wamelalia. Kina mgongo ulioinama kidogo. — Mgeni

Wakubali ukarimu wao na ubebe kitanda chako. Kiti hicho kitumike mtoto akiwa macho na mtu akiwa pembeni yake. Mwaka 2019 aina moja maarufu ya vitanda vya kulalia kwa kuinama, takriban milioni 4.7, iliondolewa sokoni Marekani baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30, na mwaka 2022 sheria ya nchi hiyo ikapiga marufuku vifaa vya kulalia watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Sheria hiyohiyo ilizuia pia mito ya kuzungushia kando za kitanda. Vifaa vya zamani bado viko kwenye majumba ya watu, vimehifadhiwa kwa upendo, na mwenye navyo huwa hana habari.

Hamjambo wanangu. Nasafiri kwenda kumsaidia binti yangu aliyejifungua ughaibuni. Wauguzi wa huko wanamwambia amlaze mtoto chali tu. Sisi tuliwalaza ubavu au kifudifudi wasije wakapaliwa, na mjukuu wangu anacheua sana. Je, hawezi kupaliwa? — Bibi

Shikamoo bibi. Hofu yako ni ya haki, na wauguzi wa kizazi chako walifundishwa hivyohivyo. Lakini mwili wa mtoto umepangwa kinyume na tunavyodhani. Koo lina njia mbili, ya hewa na ya chakula, na ya hewa iko upande wa mbele. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na ya chakula inakuwa chini. Maziwa yakirudi, ili yaingie kwenye hewa yangelazimika kupanda mlima, na kabla ya hapo mtoto hukohoa au huyameza. Akilala kifudifudi mpangilio unapinduka: maziwa yanayorudi yanajikusanya palepale penye mlango wa hewa.

Ubavu nao hausimami. Mtoto aliyelazwa ubavu husukumwa na mkono wake mwenyewe, akaishia kifudifudi bila kujua namna ya kurudi. Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hatari ni kubwa zaidi mtoto akiwa na miezi 2 hadi 4, ambao ndio muda wenyewe wa wabibi wengi kuwa safarini kulea.

Anayecheua sana, mshike wima dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya, kisha umlaze chali. Usiinue kichwa cha godoro kwa kuweka taulo chini yake. Atateremka na kujikunja. Akiwa macho, mlaze tumbo juu ya kifua chako au kwenye mkeka mkiongea naye, mara kadhaa kwa siku, ili shingo ikomae. Na siku atakapojua kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, wewe endelea kumlaza chali. Akijigeuza usingizini mwache alivyo.

Tukifika tutakuwa hoi. Ni vibaya kumlaza katikati yetu kwenye kitanda kikubwa cha hoteli, tukamzungushia mito? Na je, kitanda kikikosekana kabisa? — Wazazi wa mtoto wa miezi 3

Mito ya kuzungushia ndiyo tunayoiogopa zaidi. Mtoto wa miezi 3 anaweza kujisogeza hadi uso ukagusa mto, lakini hana nguvu wala akili ya kurudi nyuma. Kitanda cha hoteli kina godoro linalobonyea, duveti zito, na mara nyingi mwanya kati yake na ukuta. Ongeza juu yake wazazi ambao saa za nyumbani na za huko zimepishana kwa 7 au 8, na usingizi wao huwa mzito kama wa mtu aliyekesha. Kulala naye kitanda kimoja kusifikiriwe kabisa ikiwa mmoja wenu anavuta sigara, amekunywa pombe au dawa inayoleta usingizi, au mtoto alizaliwa kabla ya majuma 37 au chini ya kilo 2.5.

Lakini kuna jambo ambalo wazazi wenye nia njema hukosea kwa kukimbia kosa jingine. Mama anaogopa kusinzia na mtoto kitandani, basi anakwenda kumnyonyesha kwenye kochi. Kochi ni baya mara nyingi zaidi: watetezi wa usalama wa watoto Uingereza wanasema hatari ya kifo cha ghafla huweza kufika mara 50, kwa sababu mtoto huteleza kwenye pembe kati ya mto na mgongo wa kochi na mwili wa mzazi unamziba. Mama akihisi atasinzia, anyonyeshee kitandani palipoondolewa mito na duveti, baba awekewe kengele ya simu baada ya dakika 30, na mtoto arudishwe kitandani kwake mara mzazi anapozinduka.

Kitanda kikikosekana usiku huo, chomoeni droo ya kabati, pana na yenye kina, muiweke sakafuni. Isibaki ndani ya kabati. Chini tandikeni kitambaa chembamba kigumu, blanketi moja lililokunjwa bapa na kuvutwa hadi lisiwe na mkunjo, kisha shuka lililofungwa kwa nguvu chini yake. Kandamizeni kwa kiganja: alama ya mkono isibaki. Boksi gumu au kapu lenye kitako bapa nalo linafaa. Ni kwa usiku mmoja au miwili tu, mkitafuta kitanda halisi. Godoro la kujaza upepo halifai kwa mtoto wa chini ya miezi 15, hata likijazwa likawa gumu. Baada ya saa chache hewa hupungua na kishimo hujitengeneza chini yake. Vizuizi vya pembeni vya kitanda cha mtu mzima navyo ni vya watoto wa miaka 2 hadi 5 wanaojua kupanda na kushuka wenyewe.

Tunakwenda nchi ya baridi, mwenye nyumba kasema ndani kuna hita. Mtoto wa miezi 8 tumvalishe nguo ngapi usiku? — Mama wa miezi minane

Chache kuliko unavyodhani. Joto la chumba linalofaa ni nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi, na nyumba nyingi za nchi za baridi ndani huwa na joto zaidi ya hapo. Beba kipimajoto kidogo cha chumba. Badala ya blanketi tumieni kifuko cha kulalia, lile vazi la zipu lisilo na mikono linalofunika miguu. Unene wake huandikwa kwa kipimo cha "tog": 2.5 kwa nyuzi 16 hadi 20, 1 kwa nyuzi 21 hadi 23, 0.5 kwa joto la juu ya hapo. Tundu la shingo lisimruhusu kuzama ndani. Vifuko vyenye uzito wa kumtuliza mtoto msivitumie.

Kofia ivuliwe ndani ya nyumba, kwa sababu kichwa ndiko mtoto anakotolea joto jingi. Mpime kwa kugusa kifua au kisogo. Mikono na miguu ya baridi haikwambii kitu; kisogo chenye jasho kinakwambia umpunguze nguo.

Kuhusu hita, muulize mwenye nyumba inatumia nini. Ikiwa ni gesi, mafuta au kuni, beba kengele ndogo ya betri inayotambua gesi ya kaboni monoksidi, uiwashe chumbani mnamolala. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Wote mkiamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu kinachopungua mkitoka nje, tokeni na mtoto mara moja, mpige simu ya dharura, na msirudi ndani. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kwa dakika moja.

Tunakokwenda kuna mbu wengi. Chandarua kipi kinafaa juu ya kitanda cha kukunja? Na mtoto hakitaki kitanda hicho kabisa, tumekijaribu juzi akalia usiku kucha. — Mama na baba wa miezi 6

Chandarua kikubwa cha kuning'iniza kinachofunika kitanda chenu na chake kwa pamoja, pindo zikifika sakafuni, ni bora kuliko kifuniko cha juu ya kitanda cha mtoto. Kifuniko kinaweza kutumika kwa asiyejua kusimama, kikikaza bila kulegea kumwelekea usoni. Akianza kujivuta juu, kinaweza kumnasa kati ya wavu na ukingo. Hema dogo la kulalia linalojifungua lenyewe msilitumie kwa usiku kucha: kuta zake ni laini, na aina moja iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2012 kwa sababu mtoto huweza kuviringika kutoka kwenye godoro akanasa kati yake na kitambaa. Kamba ya kuning'inizia chandarua ifungwe isimfikie mtoto. Kitanda kikae mbali na chandarua kiasi kwamba mkono wa mtoto haukigusi, maana mbu huuma kupitia matundu yake. Dawa ya kupaka isitumike kwa mtoto wa chini ya miezi 2, na yenye mafuta ya mkaratusi wa limau isubiri hadi miaka 3. Dawa ya kufukiza moshi isiwashwe alipo.

Kuhusu kukikataa kitanda, usiku mmoja hautoshi. Kifungueni nyumbani siku 7 hadi 10 kabla ya safari. Kwanza achezee humo mchana, kisha alale usingizi wa mchana, kisha usiku. Kikiwa kipya kiacheni wazi penye upepo siku 2 au 3 harufu ipungue. Katika siku hizo mbadilishane kukifungua na kukikunja hadi kila mmoja aweze peke yake, gizani. Siku ya kuondoka msilifue shuka alilolilalia. Tieni hilo kwenye begi la mkononi pamoja na kifuko chake cha kulalia, kwa kuwa begi kubwa linaweza kuchelewa siku nzima.